Sakafu ya Ndege ya Baba

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, mtu asije akadhani nilitengeneza ndege ile kwa mapenzi. Nilitaka kipande cha shamba. Si shamba zima, sijachanganyikiwa. Ni kile kipande kidogo kilicho juu ya mfereji katika kihamba cha baba yangu, penye migomba ya zamani na mibuni michache iliyosahauliwa. Kinatosha nyumba ya vyumba viwili na kaburi moja. Nina miaka arobaini na mitano, ndoa yangu ilivunjika zamani, sina mtoto, na nimepanga chumba Kiboriloni, Moshi, nyuma ya soko. Kwetu mwanamke wa namna hiyo akifa, watu hukaa kikao kwanza kujadili azikwe wapi. Sikutaka kuja kujadiliwa nikiwa nimelala kwenye jeneza, siwezi hata kujibu.

Kihamba huku mlimani ni shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba, ng'ombe na makaburi, na mwisho wa yote hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Mtoto wa mwisho kwetu ni mdogo wangu. Anakaa Dar es Salaam, anauza vipuri vya magari, hupanda nyumbani Krismasi na kushuka kabla ya mwaka mpya. Hana ubaya, ila hajui hata ng'ombe wa baba wako wangapi. Sheria ya nchi najua inasemaje kuhusu watoto wa kike, nimeisoma mwenyewe. Lakini sijawahi kumwona mtu aliyekaa kwa amani kwenye ardhi aliyoipata kwa kumshtaki baba yake.

Kwa hiyo baba alipotoa ofa, niliidaka.

Ilikuwa Jumamosi, siku ninayopanda kumwona kila wiki. Mama alishafariki, na binti wa jirani humpikia baba siku nyingine zote. Tulikuwa tumekaa nje kwenye benchi. Macho ya baba yalikuwa yamebakiza mwanga tu. Aliweza kujua dirisha liko wapi, lakini si nani amesimama mbele yake.

"Mama," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu mtoto wa kike wa kwanza kwetu hupewa jina la mama mzaa baba. "Hawa watu wanasahau. Nikifa watasema nilikuwa mzee wa ng'ombe tu. Nitengenezee ndege yangu. Ndogo, ya kuweka mezani. Siyo ndege hivi hivi, nataka ile yangu."

"Halafu?"

"Halafu Desemba wakishakaa wote, nitasema mbele yao kwamba juu ya mfereji ni kwako."

Kuahidiana sisi wawili kwenye benchi haikuwa na maana yoyote. Neno linaloshika kwetu ni lile linalosemwa ukoo umekaa, mbuzi amechinjwa, na kila mwenye masikio amesikia. Baba alilijua hilo na mimi nililijua, ndiyo maana sikumwomba aandike chochote. Nilimwambia sawa.

Hiyo ndege yake nimekua nayo. Wakati wa vita vya Kagera baba alikuwa kijana jeshini, na alipangiwa ndege ya mizigo ya injini mbili, iliyopeleka askari na chakula mbele na kurudi na ilichorudi nacho. Alikuwa fundi wa injini, hivyo ndivyo alivyotuambia. Kijijini jina lake la ubatizo lilisahaulika kabisa, aliitwa kwa jina la ndege ile. Kanisani kukiwa na harambee walimtaja wa kwanza, naye alisimama akiwa amenyooka na kukaa polepole. Nyumbani redio ikiharibika hakuigusa, pasi ikiungua hakuigusa. Mama aliambiwa kwamba mkono uliozoea injini ya ndege hauwezi kuchokonoa pasi. Tuliliamini hilo, na mimi nililirudia shuleni kwa maringo.

Niseme pia kwamba mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Nilipomaliza mafunzo nikaajiriwa kwenye karakana ya hospitali mjini Moshi, nilipanda kumpa baba habari nikiwa na furaha ya kijinga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilitengeneza injini za ndege, wewe unatengeneza viatu vya vilema." Mama akacheka, kwa sababu alizoea kucheka baba akisema neno. Imepita miaka mingi na bado nikilikumbuka nahisi joto usoni.

Basi hiyo karakana ya viatu vya vilema ndiyo iliyomtengenezea ndege yake. Mguu wa bandia huanza na plasta. Unafinyanga umbo la kisiki cha mguu uliokatwa kwa plasta, unalichonga na kulipiga msasa, kisha unaweka bamba la plastiki kwenye oveni mpaka lilegee, unalifunika juu ya umbo na kuwasha pampu inyonye hewa yote iliyo katikati. Plastiki inashika kila bonde na kila kilima. Ikipoa unaikata, unavunja plasta, unabaki na ganda jepesi lisilovunjika kirahisi. Niliona kwamba kiwiliwili cha ndege kingeweza kutoka kwa njia hiyo hiyo, nikamwomba mkuu wa karakana ruhusa ya kutumia vipande vilivyokatwa na kutupwa, na kubaki pale baada ya saa za kazi. Alikubali, akanitania kwamba sasa nimeanza kuwatengenezea ndege miguu.

Umbo la nje halikunisumbua. Picha za ndege za aina ile zipo kwenye simu, na niliamua kila mita moja ya kweli iwe sentimeta tano za kwangu. Mabawa niliyachonga kwa mbao ya mringaringa, kwa sababu haipindi. Miguu ya magurudumu ilikuwa spoki za pikipiki, matairi niliyakata kwenye soli za ndala. Kazi ilikuwa kuifanya iwe ndege ya baba, siyo ndege ya kwenye simu, na hapo ilibidi nimpime baba mwenyewe.

Kazi yangu imenifundisha kutoamini mgonjwa anaposimulia mguu wake. Atakwambia alikatwa kwa ajali ya gari, wakati kisiki kinaonyesha kidonda cha sukari alichokificha mwaka mzima. Atasema kiatu kinambana mbele, ukivua unakuta wekundu uko nyuma. Ninamsikiliza kwa adabu, ninamwitikia, kisha natoa utepe na kupima. Nilimfanyia baba hivyo hivyo, bila kujua natafuta nini.

Tulianza na injini, kwa kuwa nilidhani hapo ndipo kwake. Nilimwuliza pangaboi ya kila injini ilikuwa na mapanga mangapi. Akasema matatu. Jumamosi iliyofuata akasema manne. Nilipomkumbusha alisema ilitegemea. Nikamwuliza kifuniko cha injini kilifunguliwaje.

"Kina vifungo."

"Vingapi, baba?"

"Vingi."

"Mlikuwa mnapanda na ngazi, au mnasimama juu ya bawa?"

"Mama, unataka kutengeneza ndege au unataka kunitahini?"

Nilijiambia ni uzee. Kwa upande wa nje wa ndege, alikumbuka vitu viwili vitatu vizuri sana. Alikumbuka kiraka cha bati kilichopigwa ribeti nyuma ya mlango wa kushoto, rangi ya kijani iliyobabuka chini ya tumbo, na tope jekundu lisilotoka kwenye magurudumu. Niliyaandika yote. Kisha tukafika ndani.

Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa saruji tuliokuwa tukianikia kahawa enzi za kahawa. Baba aliniambia nimpeleke pale na nichukue chaki. Aliniambia nimsimamishe ukutani, kwamba huo ukuta ndio upande wa marubani, na tutapima sakafu ya mizigo kuanzia pale hadi mlango mkubwa wa mkiani. Nilidhani atahesabu hatua. Aliniachia mkono, akapiga magoti, mzee aliyevuka miaka sabini, akaanza kurudi nyuma.

Alirudi kinyumenyume, goti moja, kisha jingine. Mkono wa kulia ulikuwa unafagia saruji kwa nusu duara, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila nusu duara ikiisha alirudisha magoti kidogo na kuanza nyingine. Alikuwa anahesabu kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Mahali ambapo kwenye ndege palikuwa na pete ya kufungia mizigo, mkono haukupita juu. Uliizunguka, vidole viwili vikaingia ndani yake na kutoka, kisha ukaendelea. Pete zilikuwa pande zote mbili na hakuruka hata moja. Mimi nilimfuata nikiweka alama za chaki, na nilikuwa nimefika kama nusu ya uwanja nilipoelewa ninachokiangalia. Mtu anayepima huenda mbele. Anayerudi nyuma kwa magoti ni anayepiga deki, kwa sababu hataki kukanyaga alipokwisha kusafisha.

Alifika mlango wa mkiani, akatafuta kwa kidole, akagonga mahali karibu na kona. "Na hapa kuna katundu ka kutolea maji."

"Maji gani, baba? Ndani ya ndege?"

Aliondoa kidole. "Ya mvua," akasema. Kisha akaomba fimbo yake.

Nilikasirika, sitasema vingine. Huruma ilikuja baadaye na haikukaa sana. Nilishuka Kiboriloni jioni ile nikiwa najisemea peke yangu njiani kama mwendawazimu. Nilikumbuka redio, nilikumbuka pasi, nilikumbuka mama akicheka. Mtu huyu hakuwa amegusa injini hata moja. Alikuwa amepewa brashi na ndoo, na kwa brashi na ndoo hiyo alitutawala nyumba nzima, akamnyamazisha mama, akanidharau mimi ambaye nilikuwa fundi wa kweli, mwenye cheti na mikono yenye makovu ya oveni.

Baada ya hapo mambo mengine yalianza kukaa mahali pake, nami sikuyaita. Kwetu mbuzi akichinjwa, wanaume hunywa kisusio, supu inayopikwa kwa damu, na asiyekunywa huulizwa ana nini. Baba hakuwahi kunywa. Alipopewa bakuli alilishika kwa heshima, akampa aliye karibu, akisema jeshini walimzuia. Pia banda la ng'ombe. Kuosha banda ni kazi ya wanawake huku kwetu, na majirani walimcheka mama kwamba amempata mume wa kumfagilia, lakini baba hakumruhusu mtu mwingine aguse sakafu ile. Mpaka leo anaiosha mwenyewe kila asubuhi, macho hayaoni. Sisi tulijivuna kwamba wanajeshi wanapenda usafi.

Ndege ile ilirudi na majeruhi, na ilirudi na maiti. Hakuna aliyenisimulia wala sikumwuliza mtu, lakini hakuna haja ya tundu la maji ndani ya ndege inayobeba mchele. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alianza ukutani kwa marubani, akarudi nyuma, akaingiza vidole kwenye kila pete, kwa sababu damu huganda ndani ya pete. Nilipofika hapo kwenye kufikiri niliacha kukasirika kwa siku kama mbili.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ningeweza kumaliza ndege ile bila sakafu. Ndege nyingi za mezani hazina ndani, ni ganda tu, madirisha yamepakwa rangi nyeusi, mlango wa mkiani umechorwa kwa mstari. Mzee angeshika pua, angeshika injini, angefurahi, na mimi ningepata changu. Nilikuwa na ganda tayari, limekaa mezani, linangoja kufungwa, na ningelifunga mchana mmoja.

Sikulifunga. Nilikata mlango wa mkiani ushuke na kupanda kwa bawaba. Ndani nikaweka sakafu ya bati la kopo la rangi, nikalisugua mpaka likapoteza mng'aro. Pete nilizitengeneza kwa waya mwembamba, kila moja mahali ilipokuwa alama yangu ya chaki, na kila moja inalala na kuinuka. Zilinichukua wiki tatu. Mwisho kabisa, karibu na kona ya mlango, nilitoboa katundu kwa kekee ya kutobolea ribeti, iliyo ndogo kuliko zote tulizonazo, nikamwaga kijiko cha maji pale mbele kwa marubani nione kama yatafika. Yalifika yakatoka.

Nilijiambia ni zawadi. Baba atapitisha mkono, atajua kwamba ninajua, na atajua kwamba simdharau, kwamba kwangu mimi kuosha sakafu ile ni kazi nzito kuliko injini zote. Nilitaka kumwambia hivyo bila kumwaibisha kwa maneno. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Nilitaka pia, kidogo, ajue kwamba mimi sidanganyiki. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu siku ya viatu vya vilema.

Desemba walipanda wote. Nilikodi pikipiki mbili kutoka Kiboriloni, moja ikabeba mabawa, nyingine ikanibeba mimi na kiwiliwili nimekipakata. Bodaboda wangu aliniuliza kama nimeiba kiwanja cha ndege. Ndugu walikuwa wamejaa uwanjani, mbuzi ameshachinjwa, wali wa mchele wa Mabogini umeshaiva, watoto wa Dar wanalalamikia baridi. Niliunganisha mabawa juu ya meza, pale kwenye saruji ya kahawa, na watu wakasogea. Hata mdogo wangu aliyezoea kuchezea simu aliiweka mfukoni.

"Dada," alisema, "hii umetengeneza wewe? Kwa mkono?"

Sitadanganya, nilijisikia vizuri sana. Baba mdogo, mdogo wake baba anayekaa Bomang'ombe, ndiye msemaji wa ukoo. Alimleta baba kwa mkono mpaka mezani, akamwambia, "Haya kaka, ndege yako imetua."

Baba alivua kofia. Alianza puani, akashuka na madirisha ya marubani, akaja kwenye injini ya kushoto, akazungusha pangaboi kwa kidole. Watu walicheka kwa furaha. Akaanza kuwaeleza jinsi alivyokuwa akifungua injini hiyo alfajiri kabla ndege haijaruka, jinsi rubani alivyokataa kupanda mpaka aambiwe na yeye kwamba iko sawa. Aliongea vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Mmoja wa watoto akauliza vifungo vya injini vilikuwa vingapi, na baba akasita. Nikajibu mimi, nikataja idadi niliyoibuni pale pale, nikaeleza jinsi vilivyofunguliwa. Baba akageuza uso upande wangu. "Mnaona," akasema, "nimemfundisha huyu."

Niliona kipande changu juu ya mfereji kinakuja.

Mkono wake ukaendelea nyuma. Ulikipata kiraka cha bati, ukakipapasa, akacheka peke yake. Ulifika mkiani, ukakuta mlango unashuka, ukaingia. Uliingia mpaka karibu na kiwiko. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia waya wa pete ya kwanza ukiinuka na kulala, kisha ya pili. Kisha akaanza kuurudisha mkono nje polepole, kiganja kikiwa kimelala juu ya bati, na kidole cha shahada kikafika kwenye kona na kusimama juu ya katundu.

Alikaa hivyo muda mrefu. Watu walidhani anakumbuka rubani wake.

"Na hapa?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Ni katundu ka maji, baba. Ulinielekeza mwenyewe."

Aliutoa mkono. Aliufuta kwenye suruali, mbele na nyuma, akauficha mfukoni. Uso wake haukuwa na hasira, ningependa uwe na hasira. Ulikuwa uso wa mgonjwa ninayemvua nguo mbele ya wanafunzi bila kumwuliza kwanza.

Baba mdogo alipiga makofi watu wanyamaze. "Kaka, ulituambia una neno siku ya leo."

Baba alivaa kofia yake. "Neno langu ni hili," alisema. "Mbuzi anapoa."

Watu walicheka, wakaenda kula. Nilisimama pale mezani na ndege yangu. Nilijipa moyo kwamba atasema baada ya chakula, halafu kwamba atasema baada ya sala, halafu watu wa Dar wakaanza kuaga. Mdogo wangu alinipiga picha na ndege na kuituma kwa watu wake wote, akaandika chini yake kwamba ni kazi ya dada yake fundi. Alikuwa na nia njema.

Jumamosi mbili zilizofuata sikupanda. Ya tatu nilipanda mapema, nikamkuta baba ndiyo kwanza anatoka bandani, suruali imekunjwa, miguu imelowa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Ndege ilikuwa sebuleni juu ya kabati. Nilipoitazama niliona mlango wa mkiani umefungwa kwa gundi ya viatu. Ilikuwa imepakwa ovyo, imemwagika mpaka kwenye rangi, na nilijua ni mtu asiyeona ndiye aliyeipaka.

Nilimwuliza moja kwa moja, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. "Baba, uliniahidi juu ya mfereji. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi?"

Alitafuta benchi kwa mkono, akakaa. "Ukijenga pale juu, mama, utakuwa unaniona kila asubuhi."

"Hata sasa nakuona."

"Jumamosi," alisema. "Jumamosi naweza."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mengine makali. Nilitaka kumwambia kwamba ameishi miaka yote hiyo na uongo wake vizuri kabisa, kwa nini ashindwe kuishi na ukweli ulioko hatua hamsini kutoka kwake, ukweli unaomletea sukari na dawa za macho. Sikusema hata moja. Nilijua ananijibu kwa haki, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Ningemtengenezea ndege mbaya, ningekuwa na nyumba.

Mwezi wa pili baba mdogo alikuja karakanani. Hakuwahi kufika pale, alisimama mlangoni akishangaa miguu iliyoning'inia ukutani. Mkononi alikuwa na gazeti lililokunjwa. Nilijua kilichomo kabla hajalifungua, kwa jinsi alivyolishika.

Lilikuwa sale, kitawi cha mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, chenye majani manne, jani moja limepigwa fundo. Huku kwetu aliyekosa akimtumia sale yule aliyekosewa, kwa mkono wa mtu mzima, amekiri na ameomba msamaha. Anayeletewa hakatai. Watu wamesamehe damu ya ndugu zao kwa jani hilo. Na ukishalipokea neno limekwisha, hulidai tena mbele ya ukoo wala nyuma yake, wewe wala watu wako.

"Kaka anasema utajua mwenyewe ni la nini," alisema baba mdogo. "Mimi sijui na sijauliza. Ila nikwambie, mwanangu, sijawahi kumwona akimpelekea mtu yeyote. Hata mama yako."

Maisha yangu yote nilitaka baba yangu aniombe radhi, na sasa ameniomba, kwa heshima zote, kwa mkono wa mzee wa ukoo aliyepanda gari kutoka Bomang'ombe. Na kwa jani hilo hilo alikuwa amefunga habari ya juu ya mfereji moja kwa moja. Sidhani kama alifanya kwa hila. Nadhani alitaka vyote viwili.

"Unapokea?" baba mdogo aliuliza.

"Napokea," nikasema, na nikamwambia amfikishie baba kwamba nimepokea.

Sikujua pa kuliweka. Nililitia kwenye chupa ya maji juu ya meza yangu ya kazi, pale ninapokatia plastiki, nikidhani litanyauka baada ya siku chache nilitupe. Masale hayanyauki kirahisi. Mwezi huu limetoa mizizi, mirefu na myeupe, imeanza kujizungusha chini ya chupa. Mwenzangu karakanani ananiambia kila siku nikalipande, kwamba linateseka. Namwambia nitalipanda. Pale ninapoishi, uwanja wote ni saruji ya mwenye nyumba.